Kambi ya mtoto wa jicho ikija, ulizeni kwanza kuhusu lenzi

Gari la matangazo likipita mtaani na kutangaza kambi ya macho, matibabu bure, watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Mama ambaye ameshikwa mkono na mjukuu kwa miaka mitatu kila aendapo chooni anaweza kuingia chumba cha upasuaji asubuhi, na kesho yake akamwona mjukuu huyo usoni. Katika tiba nzima, ni matibabu machache yanayoleta badiliko kubwa namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo.

Lakini kuna kitu ambacho tangazo halikitaji, nacho ndicho kinachoamua mama huyo ataona vipi. Ni sanduku la lenzi. Ndugu msomaji, wiki hii naomba tulifungue sanduku hilo pamoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa daktari kijana katika kambi ya upasuaji wa mtoto wa jicho, kwenye mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili mgonjwa wangu asitambulike. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi ya vipimo, kusoma namba ya lenzi anayohitaji mgonjwa, kuitafuta sandukuni na kumpa muuguzi. Siku nne za mwanzo tulikwenda mbio. Siku ya tano akaletwa mzee mmoja mvuvi. Karatasi yake ilisema 21.5. Nikatafuta 21.5, hakuna. Nikatafuta 21, hakuna. Ishirini na mbili, hakuna. Sandukuni zilikuwa zimebaki lenzi zaidi ya mia moja, lakini yake haikuwamo.

Daktari mkubwa akauliza, "Iliyo karibu ni ipi?" Nikajibu, "Ishirini na tano." Akasema, "Nipe hiyo." Nikatoa. Sikusema kitu.

Kesho yake asubuhi tulifungua bandeji. Wenzake waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakipiga vigelegele. Mzee akainua mkono wake, akautazama, akatabasamu. Kisha akageuka dirishani, akakaa kimya. "Mwanangu," akaniambia, "mkono wangu nauona mpaka kucha. Ila ziwa silioni."

Upasuaji wake ulikuwa umefanywa vizuri. Kidonda kilikuwa safi, hakukuwa na usaha wala damu. Kwenye ripoti alihesabiwa kuwa mmoja wa waliofanikiwa. Kilichoharibika ni hesabu iliyofanywa miezi kadhaa kabla, mezani, na mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Lenzi hii ni nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi ya asili. Ukiwa kijana ni angavu kama maji. Umri ukienda, au kwa sababu ya kisukari, jeraha, au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, lenzi hiyo huanza kuwa na ukungu. Huo ukungu ndio mtoto wa jicho. Haondoki kwa dawa ya matone, wala kwa majani, wala kwa asali. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 94 duniani wana uoni hafifu au upofu kwa sababu yake.

Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa. Zamani mambo yaliishia hapo, na mgonjwa alipewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Ikivunjika au ikipotea, alirudi gizani. Mwaka 1949 daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita waliopata vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni hawakupata uvimbe aliouogopa. Jicho lilikuwa limeikubali plastiki ile, naye akatengeneza lenzi yake kwa plastiki ya aina hiyo.

Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa za wenye fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lenzi moja iliyoagizwa kutoka nchi tajiri iligharimu kiasi cha dola 100. Mwaka 1992 watu wa Hospitali ya Macho ya Aravind, kusini mwa India, walianzisha kiwanda cha Aurolab na wakaishusha bei hiyo mpaka dola 10 na chini ya hapo. Miaka michache baadaye taasisi yenye jina la daktari wa macho Fred Hollows wa Australia ikasaidia kuanzisha viwanda vya lenzi Kathmandu, Nepal, na Asmara, Eritrea. Ndiyo maana leo kambi ya bure inawezekana. Bei si kikwazo kama ilivyokuwa. Kikwazo kilichobaki ni kuwa na lenzi sahihi, mahali sahihi, siku mgonjwa anapolala kitandani.

Namba inatoka wapi?

Kila jicho lina umbo lake. Kuna jicho refu kidogo na jicho fupi kidogo. Kuna lililopinda sana mbele na lililopinda kiasi. Jicho la mtu mzima wa kawaida lina urefu wa takriban milimita 23 na nusu kutoka mbele hadi nyuma. Jicho refu huhitaji lenzi yenye nguvu ndogo, na jicho fupi huhitaji lenzi yenye nguvu kubwa. Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa daiopta, na lenzi hutengenezwa kwa hatua za nusu daiopta: 20, 20.5, 21, 21.5, na kuendelea.

Ili kuipata namba yako, mpimaji hupima vitu viwili: kupinda kwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na urefu wa jicho. Kosa la milimita moja tu katika urefu linaweza kupotosha namba ya lenzi kwa karibu daiopta tatu. Na kosa hilo ni rahisi kutokea. Kuna kifaa cha kupimia kinachogusa jicho, na mpimaji akikikandamiza kidogo tu, jicho linabonyea, linasomeka kuwa fupi kuliko lilivyo, na mgonjwa anapewa lenzi kali kupita kiasi. Matokeo yake anaona vya karibu, vya mbali vinakuwa ukungu, kama yule mzee wangu.

Hesabu ya muuza viatu

Sasa turudi kwenye sanduku. Lile la kambi yetu lilikuwa na lenzi 300 kwa wagonjwa 300. Aliyeagiza alijitahidi kutenda haki. Aliagiza kumi kumi za kila namba, kuanzia 15 hadi 29.5. Namba ni 30, mara kumi, jumla 300. Kwenye karatasi hesabu imekamilika.

Muulize muuza viatu yeyote wa Kariakoo kama anaagiza namna hiyo. Atakucheka. Anajua kuwa viatu vya kiume namba 41 na 42 vitaondoka wiki ya kwanza, na namba 47 itakaa rafuni mpaka ipauke. Macho nayo yako hivyo hivyo. Watu wengi huhitaji lenzi za katikati, zilizo karibu na 21 na 22. Ukienda juu au chini, wahitaji wanapungua haraka.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katikati ni 21.5, na theluthi mbili hivi ya wagonjwa wako ndani ya daiopta mbili juu au chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa mmoja katika kila kumi atahitaji 21.5 yenyewe. Katika wagonjwa 300, hao ni 30. Wewe umeleta kumi. Ukipasua wagonjwa 40 kwa siku, lenzi za 21.5 zinaisha siku ya tatu. Siku ya tano, karibu namba zote kati ya 19.5 na 23.5 zimekwisha. Kwa upande wa pili, anayehitaji 26 atakuwa kama watu wawili au watatu katika wote 300, na anayehitaji 15 huenda asitokee kabisa. Kwa hiyo sanduku lina lenzi tele, na chumba cha upasuaji hakina lenzi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mgonjwa ameshafunga safari, ameshawekewa dawa ya ganzi, ndugu zake wanasubiri nje, na mfadhili anasubiri idadi. Mtu anasema, "weka iliyo karibu". Tofauti ya nusu daiopta mgonjwa hataihisi sana. Tofauti ya daiopta tatu na nusu, kama tuliyomwekea mzee yule, inamwacha akiona vizuri mpaka urefu wa kiganja hadi kiwiko, basi.

Utasema, si angepewa miwani? Ndiyo, miwani ingerekebisha. Lakini miwani ya namba yake haikuwapo kambini, duka la karibu lilikuwa mwendo wa nusu siku kwa basi, na mtu aliye ndani ya mtumbwi, maji yakimrukia usoni, miwani haimfai sana. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la pili pia. Alikataa lisiguswe. Na habari zake zilifika vijiji vya jirani kabla ya gari letu. Tuliporudi mwaka uliofuata, kuna mahali tulipokuta viti vitupu, na watu wasioona wakiwa wamekaa majumbani mwao.

Namna ya kupanga sawasawa

Jambo la kwanza ni daftari. Hospitali yoyote inayofanya upasuaji huu ina rejista, na lenzi iliyotumika huandikwa humo. Hesabu za mwaka uliopita, zikipangwa kwa namba, zinaonyesha wazi watu wa eneo lile wanahitaji nini. Hakuna kampuni ya nje inayoweza kukuambia hilo kuliko daftari lako mwenyewe. Oda ifuate umbo hilo: nyingi katikati, chache pembeni, lakini pembeni pasiwe patupu, kwa sababu mwenye jicho refu sana naye ni mgonjwa.

Jambo la pili ni kupima kabla. Timu ndogo itangulie wiki kadhaa, ichague wagonjwa, ipime macho yao kwa makini, na orodha ya namba irudi stoo kabla sanduku halijafungwa. Unayempima mapema unajua unamletea nini.

Jambo la tatu ni akiba. Lenzi huanguka sakafuni, pakiti hukutwa imetoboka. Pia, utando unaoishika lenzi ndani ya jicho ukichanika wakati wa upasuaji, ile ya kawaida huenda isikae mahali pake, na huhitajika aina nyingine inayokaa mbele, ambayo nguvu yake hupungua kwa takriban daiopta tatu. Kwa hiyo wagonjwa 300 hawatoshelezwi na lenzi 300. Na kwa kuwa oda kutoka nje huchukua miezi, kuagiza upya ni pale akiba ingali inatosha kungoja. Ukisubiri sanduku liwe jeupe umeshachelewa.

Jambo la nne ni kutochanganya. Lenzi ya 22 ya kiwanda kimoja si lazima ifanye kazi sawa na 22 ya kiwanda kingine. Kila aina ina namba yake maalumu inayoingizwa kwenye hesabu ya vipimo. Misaada inapokuja, aina tano ndani ya boksi moja, na nyingine zimebakiza miezi miwili kuisha muda wake, hiyo ni kazi na hatari zaidi kuliko msaada. Ukiwa na hizo, inayokaribia kuisha itangulie kutumika, na iliyoisha isitumike hata kama sandukuni hakuna nyingine.

Jambo la tano ni kukumbuka kuwa lenzi haifanyi kazi peke yake. Kuna jeli inayolinda jicho wakati wa upasuaji, visu, nyuzi, na matone ya antibayotiki na ya kupunguza uvimbe ambayo mgonjwa huenda nayo nyumbani. Kikikosekana kimoja, vingine vyote vinasubiri. Kamba hukatikia pembamba.

Na mambo haya si ya kambi moja tu. Tuchukulie nchi yetu inalenga kufanya upasuaji 2,000 wa mtoto wa jicho kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, hizo ni zaidi ya lenzi 120,000 kila mwaka. Ukikosea umbo la oda kwa ukubwa huo, unakosea kwa maelfu ya macho.

Kwa wanaofadhili

Huenda wewe unayesoma ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti au kanisa, ni diwani, au ni ndugu yetu aliye Muscat au Minneapolis anayechangisha fedha kwa ajili ya kambi nyumbani. Mungu akubariki. Naomba tu ubadili swali. Usiulize "wamepasuliwa wangapi?" peke yake. Uliza "wangapi wanaona vizuri baada ya wiki sita?"

Sisemi hili kwa kichwa changu. Mwaka 2021 nchi wanachama wa WHO zilikubaliana kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wenye uhitaji wanaopata upasuaji wa mtoto wa jicho wenye matokeo mazuri. Kiini cha makubaliano hayo ni maneno ya mwisho: wenye matokeo mazuri. Aliyepasuliwa na hawezi kuona ziwa hahesabiki humo.

Kwa hiyo bajeti yako iwe na fedha za upimaji wa mapema, za lenzi za ziada, za miwani, na za nauli ya mgonjwa atakayekosa lenzi ili apelekwe hospitali ya rufaa. Hizo si matumizi ya ziada. Bila hizo umenunua idadi tu.

Maswali ya kuuliza

Kama ni wewe, au mzazi wako, anayekwenda kupasuliwa, muulize daktari au muuguzi bila woga:

1. Jicho langu limepimwa urefu na kupinda kwake? Kipimo cha kusoma herufi ukutani peke yake hakitoshi.

2. Namba ya lenzi yangu ni ngapi, na lenzi hiyo ipo leo?

3. Kama haipo, mtanipangia siku nyingine au hospitali nyingine? Mgonjwa wa mtoto wa jicho wa kawaida wa uzeeni anaweza kusubiri wiki kadhaa. Kusubiri si kukataliwa.

4. Je, mmeangalia matatizo mengine? Presha ya macho au madhara ya kisukari nyuma ya jicho yanaweza kuzuia kuona hata lenzi ikiwa sahihi.

5. Nitarudi lini kuangaliwa, na nitapata wapi miwani nikiihitaji? Lenzi nyingi za kambi hupangwa kwa ajili ya kuona mbali, hivyo miwani ya kusomea ni jambo la kawaida. Kama kazi yako ni cherehani au kuchambua mchele, sema mapema.

Baada ya upasuaji, omba ile stika ndogo inayotoka kwenye pakiti ya lenzi. Ibandikwe kwenye kadi yako na uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Ina namba na aina ya lenzi iliyo ndani ya jicho lako, na daktari atakayeshughulikia jicho la pili ataihitaji. Na ukipata maumivu makali, jicho likazidi kuwa jekundu, likatoa usaha, au uoni ukapungua ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi.

Nimeshakaa kwenye kambi nyingi tangu siku ile. Mara kadhaa nimeulizwa tena swali lile lile, "iliyo karibu ni ipi?" Siku hizi, kama iliyo karibu iko mbali, hujibu kwamba ya mgonjwa huyu hatuna, na leo hatumpasui. Kisha natoka mimi mwenyewe kwenda kumweleza ndugu aliyekaa nje na kikapu chake cha chakula. Wengine hukasirika. Mama mmoja aliniambia nimemchezea mzazi wake. Nilimwandikia barua ya rufaa, nikahakikisha nauli imetoka, na wiki nne baadaye mzazi huyo alipata lenzi yake.

Yule mzee mvuvi sikumwona tena. Niliambiwa anashona nyavu, kazi ya karibu, anayoiona vizuri. Ziwani huenda watoto wake.

Tukutane wiki ijayo.